Nafasi ya 15: Jinsi Payton alivyompiku Bradley

Oktoba 2021, Golden State Warriors walibakiwa na nafasi moja tu ya kujaza kati ya 15 za kikosi chao cha NBA. Waliokuwa wakiigombea zaidi ni magadi wawili wenye sifa ileile ya kukaba: Avery Bradley na Gary Payton II.

Kwa wasifu, Bradley alikuwa mbele sana. Mwaka 2016, akiwa Boston Celtics, aliteuliwa katika kikosi cha kwanza cha wakabaji bora wa ligi. Payton alipitwa na drafti mwaka huohuo, akatangatanga timu kadhaa, na tuzo yake kubwa ilikuwa ya mkabaji bora wa ligi ya maendeleo, G League, mwaka 2021. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa baadhi ya wakongwe wa Warriors walimtaka Bradley. Uongozi ukamchagua Payton, na ulikuwa sahihi kabisa.

Wote wawili walijua kumbana mwenye mpira tangu anapovuka nusu ya uwanja. Tofauti ilikuwa timu inaposhambulia. Bradley alikuwa mtu wa kusimama pembeni akisubiri pasi ya kurusha pointi tatu, kazi ambayo Warriors tayari walikuwa na watu wa kuifanya.

Payton ana urefu wa futi 6 na inchi 2 tu, lakini kocha Steve Kerr alimtumia kama senta. Angalia alivyofanya: anamwekea Stephen Curry kizuizi, wakabaji wawili wanamvamia Curry, naye Payton anateleza kuelekea kikapuni, anapokea pasi katikati ya uwazi na kudanki. Timu pinzani zikimwacha peke yake ili zisaidie kwingine, anakata nyuma ya migongo yao. Ndiyo maana msimu wa 2021/22 alifunga asilimia 61.6 ya mitupo yake, kiwango adimu mno kwa gadi.

Mkabaji asiyetishia kikapu hugeuka mzigo kwenye mtoano, kwa sababu wapinzani humtelekeza na kuwa watano dhidi ya wanne. Payton hakuwa mzigo. Alivunjika kiwiko Mei 2022 dhidi ya Memphis Grizzlies, akarejea katika mchezo wa pili wa fainali, na katika wa tano akafunga pointi 15 na kupora mipira mitatu. Warriors waliwafunga Celtics 4-2 na kutwaa ubingwa.