Hotuba Mbili Juu ya Maiti Moja

Brutus ndiye anayehutubu kwanza, na anahutubu vizuri. Wengi huondoka na Antony, rafiki wa Caesar anayehutubu baada yake, peke yake kichwani, lakini ufundi wa Shakespeare katika Julius Caesar hauonekani mpaka mtu amekubali kwamba Brutus naye alifaulu. Damu ya Caesar bado iko mikononi mwake. Anapanda mimbari, anawaeleza Warumi kwa nini amemuua rafiki yake, na sentensi zake ni fupi, zimepangwa mbili mbili, kila neno likiwa na mwenzake wa kulipima. Watu wanaridhika. Mmoja wao anapaza sauti kwamba sasa Brutus ndiye awe Caesar. Mtu aliyeua ili Roma isipate mfalme anavishwa ufalme papo hapo na walewale aliodhani amewakomboa, naye hata hashtuki.

Malighafi ya hotuba hizi ni haba mno. Shakespeare alimsoma Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakuu wa kale, katika tafsiri ya Thomas North iliyotoka mwaka 1579. Humo Plutarch anagusia kwamba Brutus, katika barua zake za Kigiriki, alipenda usemi mfupi na mkavu wa Wasparta, na kwamba Antony alipenda usemi wa kujitanua na wa madoido. Kuhusu hotuba ya mazishi anasema tu kwamba Antony alichanganya sifa na huruma, kisha akakunjua mavazi yenye damu. Kutoka katika madokezo hayo Shakespeare alijenga watu wawili wenye pumzi tofauti: Brutus akampa nathari, Antony akampa ushairi usio na vina, wa mizani kumi kumi. Sikio linajua nani ni nani kabla akili haijapima hoja.

Antony anaanza akiwa amefungwa mikono. Ameruhusiwa kumsifu Caesar, ila asiwalaumu waliomuua. Anaitii amri hiyo kwa ukamilifu wa kutisha. Anamtaja Brutus kuwa mtu wa heshima, anataja jambo jema alilolitenda Caesar, anarudi kwenye heshima ya Brutus, anataja jema jingine. Hakuna tusi hata moja, lakini kila sifa inaporudi inakuwa nzito zaidi, mpaka umati wenyewe unaigeuza kuwa shitaka. Halafu ananyamaza. Anasema moyo wake umezidiwa, asubiriwe. Mimi naona kimya hicho ndicho kilele cha hotuba yote, kwa sababu ndani yake watu wa Roma wanageukiana na kuanza kusemezana, na hoja ambayo Antony hakuimaliza wanaimalizia wao. Mtu haachi kwa urahisi wazo aliloliokota mwenyewe.

Baada ya hapo unakuja wasia wa Caesar, unaoonyeshwa lakini hausomwi kwanza. Kisha linakuja joho. Antony anasema anaikumbuka jioni Caesar alipolivaa kwa mara ya kwanza, siku ya ushindi dhidi ya Wanervii. Vita hivyo vilipiganwa mwaka 57 KK, na Antony alijiunga na jeshi la Caesar miaka kadhaa baadaye. Tuseme Shakespeare hakujali hesabu hiyo. Lakini tazama kinachofuata: Antony anaonyesha tundu moja baada ya jingine katika nguo, hapa alipenya Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Angejuaje? Onyesho lililotangulia limetuonyesha waziwazi Trebonius, mmoja wa wala njama, akimvuta Antony nje kabla visu havijachomolewa. Hakuliona pigo hata moja. Warumi hawaulizi, na msomaji aliyeyaona yote kwa macho yake haulizi pia, kwa kuwa naye ameshachukuliwa. Kwa sababu hii tamthilia hii yafaa kusomwa polepole, kalamu mkononi, ukitafuta mshororo uliokugeuza.

Kubanwa kwa wakati ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, na mazishi yake yalifanyika siku kadhaa baadaye. Jukwaani haipiti hata saa moja. Mapigano mawili ya Philippi ya Oktoba mwaka 42 KK, yaliyotengana kwa takriban wiki tatu, yamekuwa ya siku moja. Mwanahistoria atanung'unika. Lakini kama Antony angepanda mimbari siku tano baada ya Brutus, tungekuwa tumeshamsahau Brutus, na tusingejiona tukikubali mara mbili mambo yasiyoweza kukaa pamoja.

Shakespeare pia hakumpa mtu mmoja hekima yote. Brutus, mwema kuliko wenzake, akiwa peke yake bustanini usiku anaanza na uamuzi kwamba Caesar afe, halafu ndipo anatafuta sababu, na sababu anayoipata ni kosa ambalo Caesar hajalitenda bado. Caesar, mwenye majivuno yanayochosha, ndiye amepewa maneno ya ushujaa mbele ya kifo ambayo Nelson Mandela aliyawekea sahihi yake na tarehe 16 Desemba 1977 katika kitabu cha Shakespeare kilichokuwa kikipita mikononi mwa wafungwa wa Robben Island. Mfungwa wa dhuluma aliyachagua maneno ya mtawala. Na Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia hii mwaka 1963, kisha akaipitia upya ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, alikuwa rais aliyeko madarakani, akiyapima neno kwa neno maneno ya watu wanaojadili namna ya kumwondoa mkuu wa nchi. Ninaiheshimu sana kazi hiyo.

Wanafunzi hufundishwa hotuba ya Antony hata wakaweza kuikariri, na mara nyingi somo huishia kwenye ghasia zinazofuata, pale umati unapomrarua mshairi Cinna kwa kuwa tu jina lake ni sawa na la mmoja wa wasaliti. Ningeomba walimu wafungue ukurasa unaofuata. Antony ameketi na washirika wake Octavius na Lepidus, wanaweka alama kwenye majina ya watakaouawa, naye anakubali mpwa wake awe miongoni mwao. Kisha anamtuma Lepidus nyumbani kwa Caesar akaulete wasia, uleule uliomwahidi kila Mrumi drakma 75, ili watafute namna ya kupunguza kile ambacho wananchi wataachiwa.