Ufundi wa Kuyapumzisha Mapafu

Mtu wa Kiseke, jijini Mwanza, anayeishiwa pumzi kila akipanda kilima hudhani ni pumu au umri. Pengine ni mabonge ya damu yaliyotoka miguuni, yakakwama kwenye mishipa ya mapafu na kugeuka makovu yanayouelemea upande wa kulia wa moyo.

Dk. Stuart Jamieson, mzaliwa wa Bulawayo, aliunoa upasuaji wa kuyatoa makovu hayo akiwa San Diego, Marekani. Mwili hupozwa hadi nyuzi 20 hivi, mzunguko wa damu husimamishwa kwa vipindi vya dakika 20, na kovu huvuliwa ndani ya mshipa, tawi kwa tawi.

Ufundi ninaoustahi zaidi huanza mambo yakiharibika baadaye. Damu iliyozibiwa njia kwa muda mrefu hurudi kwa nguvu. Mapafu hujaa maji, njia ya hewa huvuja damu, au moyo hushindwa kuisukuma. Hapo mgonjwa hufungwa mashine ya ekimo (ECMO). Mrija huchota damu nyeusi kwenye vena kubwa, pampu huipitisha kwenye utando unaoipa oksijeni na kuiondolea hewa ukaa, kisha hurudi mwilini ikiwa nyekundu, hata lita 4 kwa dakika. Ikirudishwa kwenye ateri, mapafu hupitiwa na damu kidogo tu, na upande wa kulia wa moyo hupunguziwa mzigo.

Mtazame anayeilinda mashine hiyo. Humulika utando kwa tochi, akitafuta bonge changa pembeni. Mrija ukitetemeka, hajibu kwa kuongeza kasi ya pampu. Anajua damu inayoifikia haitoshi. Hugusa mguu wenye mrija, aone kama bado una joto. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikipungua, damu huganda ndani ya mashine. Ikizidi, pafu huvuja. Uamuzi huo wa kiasi cha dawa huupima upya usiku kucha.

Mashine hiyo haiponyi pafu. Hulipatia muda, na ustadi wote ni kutolisukuma kwa hewa yenye shinikizo wakati linajiponya. Kisha mtiririko hupunguzwa hatua kwa hatua, macho yakiwa kwenye picha ya moyo.

Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wapo wataalamu wanaoendesha mashine ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Ekimo imetokana na ufundi huohuo. Tunapotamani huduma kama hizi Kanda ya Ziwa, bajeti ianze na kuwasomesha watu wa namna hiyo, kwa kuwa mashine hununuliwa, lakini mkono unaojua kusubiri hulelewa kwa miaka.