Njia Nyoofu na Kazi za Kando

Michezo ya video imeingia katika maisha ya vijana wetu. Katika Beni na Butembo wanaicheza katika vyumba vidogo vyenye televizyo na konsoli, wakilipa kwa kila mara; wengine wanaicheza kwenye telefone zao. Juu ya jambo hilo wachungaji wengi wa roho wanauliza swali moja tu: saa ngapi zimepotea? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Kitabu hatukihukumu kwa hesabu ya saa ambazo musomaji alikaa nacho. Tunauliza kinasema nini, na kinamufanya musomaji kuwa mutu wa namna gani. Tunapenda leo kuuliza vilevile juu ya muchezo.

Mutakatifu Toma wa Akwino ametufungulia mulango. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anafundisha kwamba roho ya mutu inachoka sawa na mwili, na kwamba kuna fadhila inayoongoza michezo. Anaiita eutrapelia, kwa jina alilolipokea kutoka kwa Aristoteli. Anaongeza kwamba mutu anayekataa furaha yote ya muchezo, na kuwa muzigo kwa wenzake, naye anakosea. Basi, kama muchezo una fadhila yake, unaweza kupimwa.

I. Muchezo wa njia moja

Super Mario Bros., kazi ya kampuni Nintendo ya Japani, ilitoka mwaka 1985. Ni mufano safi wa muchezo wa njia moja. Kuna dunia 8, na kila dunia ina sehemu 4. Jumla ni sehemu 32. Mario anakimbia kutoka kushoto kwenda kuume ili amukomboe binti mufalme. Picha inasogea mbele tu: kitu kilichopita ukingo wa kushoto hakirudi tena, wala muchezaji hawezi kukifuata. Na juu ya picha kuna saa inayohesabu kwa kushuka.

Wengine wanadharau michezo ya namna hiyo, wakisema muchezaji ni mufungwa. Sisi hatukubali. Rozari nayo ni njia moja. Njia ya Musalaba ina vituo 14, na hapana mutu anayeanza na kituo cha 9. Njia moja inafaa wakati mutungaji anajua vema anakotupeleka, na kila hatua inafundisha hatua inayofuata. Mario anakutana na adui wa kwanza mara tu safari inapoanza, pasipo neno la mafundisho kuandikwa. Asiyeruka anakufa, anaanza tena, na sasa amejua kuruka. Katekista wengi wangefurahi kupata somo fupi kama hilo.

Lakini hata katika njia hiyo watungaji walificha njia za mukato. Ni mabomba yaliyo katika sehemu ya 2 ya dunia ya 1, na katika sehemu ya 2 ya dunia ya 4. Anayeyajua anapita sehemu 8 tu kati ya zile 32.

II. Mbio za mikono na mbio za vyombo

Kutoka hapo kulizaliwa mashindano ya mbio, maana yake kumaliza muchezo kwa muda mufupi kuliko wote. Mwaka 2021 mutu alimaliza Super Mario Bros. kwa mikono yake chini ya dakika 4 na segonde 55, neno ambalo hapana mutu aliyelifanya mbele yake.

Kuna mbio za namna ya pili, zinazofanywa kwa vyombo. Muchezo unawekwa katika ordinateri, kwa programu inayoiga konsoli. Mufanyaji anausimamisha kwa kila picha, na picha zinapita karibu 60 kwa segonde moja. Anachagua kidude cha kubonyeza na kuangalia matokeo. Yasipomupendeza, anarudi nyuma, anafuta, anajaribu tena. Dakika chache za kutazama zinaweza kuwa kazi ya miezi mingi. Mwishoni amri zote zinachezwa kwa mufululizo, na Mario anaonekana kama malaika asiyejua kukosa.

Je, ni udanganyifu? Tuangalie jambo lililotokea. Mwaka 2003 filimu ya Super Mario Bros. 3, kazi ya Mujapani aliyejiita Morimoto, ilienea katika inchi nyingi. Muchezo mukubwa ulimalizika katika dakika 11 na kidogo. Filimu ilienea pasipo maelezo, na wengi walisadiki kwamba mutu amecheza hivyo kwa mikono. Walipojua namna ilivyotengenezwa, wakakasirika. Hasira yao inaeleweka, lakini kosa halikuwa ndani ya kazi. Mutu anayechora sanamu ya mukimbiaji hadanganyi, ila kama anatuambia kwamba amekimbia mwenyewe. Jumuiya ya TASVideos, iliyoanzishwa mwaka ule ule, inatangaza wazi kwamba kazi zake zimefanywa kwa vyombo. Na hiyo ni haki.

Basi tunawaheshimu watu hao. Wanasoma muchezo sawa na mwalimu anayesoma maandiko ya kale herufi kwa herufi. Lakini kusoma huko kuna mupaka. Mwezi wa 1 mwaka 2014, katika mukutano wa Awesome Games Done Quick huko Marekani, mashini iitwayo TASBot iliingiza amri katika Super Mario World, kwa kutumia kasoro za programu yake. Konsoli ikaacha hadithi ya Mario na kuanza michezo mingine miwili, Pong na ule wa nyoka. Watu walishangilia, nasi tunastaajabu pia. Lakini binti mufalme hayuko tena. Aliyejua herufi zote ameipoteza hadithi.

III. Kazi za kando

Tuchukue sasa kazi ambayo kwa maoni yetu inapita zote tulizozitaja: The Legend of Zelda: Majora's Mask, ya Nintendo vilevile, iliyotoka mwaka 2000. Shujaa Link anafika katika muji ambao mwezi wa mbinguni utauangukia baada ya siku 3. Kazi kuu ni wazi: kupita mahekalu 4, kuamsha majitu 4 watakaouzuia mwezi, na kumushinda adui. Siku 3 hazitoshi. Kwa hiyo Link anapiga wimbo na kurudi kwenye asubuhi ya siku ya kwanza. Lakini kila mara anaporudi, mema aliyowatendea watu yanafutika, nao hawamujui tena.

Kando ya kazi hiyo kuu watungaji waliweka wakaaji wa muji, kila mumoja na saa zake na shida yake. Yuko mupeleka barua anayetamani kukimbia mwezi, lakini hakimbii, maana kukimbia hakukuandikwa katika ratiba yake. Yuko Anju wa nyumba ya wageni, anayemungoja muchumba wake Kafei, aliyetoweka karibu na siku ya arusi. Anayetaka kuwasaidia lazima afike kwa saa zilizopangwa, achukue barua, ashike ahadi. Siku ya mwisho wengine wanakimbia muji. Anju anakaa na kungoja. Kafei anarudi karibu na mapambazuko, mwezi ukiwa tayari juu ya nyumba, nao wawili wanaamua kuingoja asubuhi pamoja. Kisha Link, akitaka kuishi, anarudisha wakati nyuma. Asubuhi ile Anju anangoja tena, kama kwamba hakuna kitu kilichotendeka.

Anayefanya mbio hana haja ya Anju. Anampita bila kumuona, na muchezo unamalizika vema. Lakini ni kwa ajili ya Anju kwamba tunajua sababu ya kuuzuia mwezi. Kazi kuu inasema: okoa muji. Kazi ya kando inasema muji ni nani.

Tunaona hata hivyo kasoro moja. Muchezo unalipa kila wema kwa zawadi, na Link ana daftari la kuandikia kazi alizozimaliza. Kwa namna hiyo Anju anaweza kugeuka kuwa hesabu. Michezo mingi iliyofuata imekuza ugonjwa huo: inajaza ramani kwa kazi za kando zisizo na mutu ndani yake, kuokota majani kumi, kuua nyama watano. Hizo hazifai kuliko njia nyoofu. Yule Musamaria wa Injili hakuandika kitu katika daftari. Yeye ndiye aliyelipa.

IV. Neno la kupinga

Mutu anaweza kutuambia: "Mara nyingine kukimbia ni wajibu. Dereva wa njia ya Beni na Kasindi anajua fasi ambapo kusimama ni hatari. Muganga naye hana ruhusa ya kuchelewa." Ni kweli. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 Ebola ilitangazwa kwetu, katika Mangina, karibu na Beni. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, baada ya vifo zaidi ya 2.200. Kila siku ya kukawia ilileta wagonjwa wengine.

Lakini tukumbuke vema yaliyotokea. Kasi pasipo kusikiliza ilikutana na mashaka ya watu. Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya Médecins Sans Frontières vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kumbe, kukaa chini na jamaa ya marehemu, kusikiliza kilio chao na kupatana nao juu ya maziko, jambo lililoonekana kuwa la kando, lilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Injili ya Marko ilikwisha kutufundisha. Yezu anaharakisha kwenda kwa Yairo, ambaye binti yake anakufa. Mwanamuke mugonjwa anagusa vazi lake, naye anasimama, anamutafuta, anamusikiliza mupaka mwisho. Binti anakufa wakati ule. Na Yezu hakumukosa huyo wala yule.

Tusiwasahau wakimbiaji wenyewe. Mikutano yao ya Summer Games Done Quick inakusanya sadaka kwa chama kile kile cha Médecins Sans Frontières; mwaka 2019 ilipita dola milioni 3. Ni watu wanaohesabu kila segonde, na wameipatia haraka yao jirani. Hapo eutrapelia imekuwa dada ya upendo.

V. Neno kwetu sisi

Malezi ya seminari ni muchezo wa njia moja: seminari ndogo, filosofia, teolojia, udiakoni, upadri. Ni njia njema. Lakini mutu anaweza kuimaliza kwa mbio. Anajua mitihani inapenda nini, anajua mabomba yaliyofichwa, anafika kwenye altare na hakumufahamu mwenzake wa kitanda cha pili. Baadaye atakuwa padri ambaye kila anayebisha mulango anamukatizia kazi.

Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 mauaji yamerudi mara nyingi katika eneo la Beni, na jamaa nyingi zimekimbia vijiji vyao. Mama aliyepoteza wake anakuja kuomba cheti cha ubatizo, na kumbe anataka kusimulia. Habari yake ni ndefu, nayo anairudia. Hayumo katika ratiba ya siku. Ndiye Anju wetu.

Tena, kwetu hakuna chombo cha kurudi nyuma. Wakati hauwezi kurudishwa kwa wimbo, wala hatufuti picha mbaya na kuijaribu tena. Kitubio chenyewe hakirudishi asubuhi ya kwanza: kinaondoa dhambi, na kinatutuma kwa mutu yule yule tuliyempita, naye anatukumbuka. Basi katekista afupishe hesabu yake ya kikao, padri aweke funguo za pikipiki juu ya meza, naye museminari amuulize mwenzake habari za nyumbani, na angoje jibu.