Mashine Ilikuwa Mfukoni

Mliokuwapo katika banda la gemu la Makuyuni usiku ule wa fainali hamna haja ya kusimuliwa bao la dakika ya mwisho, maana mliliona kwa macho yenu, na wengi mlimlaumu yule kijana wa jezi ya Coastal Union kwamba alizubaa, akachelewa kubonyeza pembetatu, akamwacha kipa wake amesimama mstarini hali mshambuliaji yu peke yake na nyavu. Mimi nilikuwa benchi la pembeni, karibu na sabufa kiasi cha kuhisi mtikisiko wake gotini, macho yangu yakiliangalia bao na masikio yangu yakiwa yamekwisha lisikia; nami nashuhudia kwamba kidole cha kijana kilifika kwa wakati wake na kioo ndicho kilichochelewa. Kilichelewa kwa sababu ya uamuzi mmoja uliofanywa majuma mawili nyuma dukani, Korogwe mjini, mbele yangu, uamuzi ambao, kwa insafu yote niliyo nayo kwa mwenye banda, mtu niliyekula naye na kushinda naye miaka mingi, siwezi kuupa jina jingine ila kosa.

Mengine aliyafanya vema: alinunua stabilaiza kabla ya kuwasha, akaitundika runinga usawa wa macho ya mtu aliyekaa, tena mahali ambapo jua la mlangoni haliifikii.

Sasa turudi dukani. Mbele yetu zilisimama flati mbili, ya inchi 43 na ya inchi 55, zote mbili zikionyesha filamu ile ile ya dukani mnayoijua, samaki wa rangi wakipishana katika matumbawe na kasuku akikunjua bawa polepole, filamu iliyotengenezwa makusudi ili kila kioo kipendeze. Katika ile ya 43, muuzaji alipofungua menyu akitafuta sauti, niliona kwa macho yangu palipoandikwa modi ya gemu. Katika ile ya 55 alipofungua menyu hiyo hiyo palikuwa na picha angavu, picha ya sinema, picha ya michezo, na gemu haikutajwa. Na sakafuni, katikati ya miguu ya mwenye banda, palikuwa na mfuko wa salfeti, na ndani ya mfuko huo PS2 iliyotoka kwa fundi asubuhi ile kubadilishwa lenzi, waya wake wa njano, mwekundu na mweupe ukiwa umezungushiwa juu yake, na pedi moja ikichungulia nje. Muuzaji aliiona. Akasema, kwa adabu, "Kaka, tuichomeke mashine yako uijaribu?" Mwenye banda akajibu bila kuitazama, "Haina haja, ndugu yangu. Picha si hii naiona?"

Ningependa msomaji asimame nami hapo, asiharakie malipo wala boda iliyobeba lile boksi. Mtu alikuwa na runinga mbili mbele yake, alikuwa na mashine miguuni pake, alikuwa na muuzaji aliyejitolea mwenyewe kuichomeka, alikuwa na tundu la umeme kando ya mkono wake. Lililobaki lilikuwa ni kuinama tu. Dakika tano za kucheza, tena si mechi nzima bali kupiga mpira golini mara kumi kwenye kila kioo, zingalimpa ithibati ambayo hakuna karatasi ya dukani iwezayo kumpa. Badala yake aliamua kwa samaki, akaichukua ya 55. Na samaki hawabonyezwi. Filamu ikichelewa sehemu moja ya kumi ya nukta ya saa haimchelewei mtu yeyote, kwa kuwa hakuna kidole kinachongojea jawabu lake, ilhali katika mchezo kila kitendo ni swali la kidole na jawabu la kioo, na baina ya viwili hivyo ndipo ulipo mchezo wenyewe. Kuchagua runinga ya gemu kwa kutazama filamu ni kama kuchagua ng'ombe wa maziwa kwa kusikiliza anavyolia.

Tena mashine aliyonayo si ya kusamehewa jambo hili, bali ndiyo ya kulihadhari zaidi. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na picha yake ipitayo katika waya wa njano ilifanyiwa hesabu za chogo, runinga ile ya zamani yenye mgongo mnene: hutumwa nusu nusu, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa, nusu 50 kwa nukta moja ya saa, kila moja ikichukua milisekunde 20. Chogo hakiweki kitu akibani; mstari ukifika, mshale wa elektroni huuchora pale pale. Flati haiwezi hivyo. Hupokea nusu ya kwanza, huingoja ya pili, huziunganisha, kisha huitanua picha ambayo hata ikitimia haipiti nukta 640 kwa 512 hadi ijaze kioo cha 3840 kwa 2160, yaani kila nukta moja iliyokuja izae zaidi ya nukta 25. Halafu husafisha chembechembe, hung'arisha rangi, na mwisho, kama haikuzuiwa, hulainisha mwendo. Na huko kulainisha mwendo ndiko mama wa hasara, kwa sababu ili runinga ibuni picha ya kati haina budi kwanza kuishikilia picha iliyopo mpaka inayofuata ifike. Hakuna ufundi wala fedha iwezayo kulikwepa sharti hilo. Modi ya gemu, pale ilipo, kazi yake ni moja tu: huvipunguza vituo hivyo ili picha ipite mbio. Vijana huita kuchelewa huku legi, nami sina ugomvi na neno lao.

Najua jawabu litakalotolewa, maana lilitolewa usiku ule ule: kioo kilikuwa kimoja, wachezaji wawili, basi hasara ilikuwa sawa. Haikuwa sawa. Ashambuliaye ana mpango kichwani kabla haujaonekana kiooni. Akikusudia kupenyeza pasi, kidole chake hufuata kusudi lake, hakingoji habari. Alindaye hana mpango ila kuona: anaona mguu ukigeuka ndipo abonyeze duara ateleze, anaona mtu ametoka peke yake ndipo ashikilie pembetatu amtoe kipa. Kioo kikichelewa, anayelinda ndiye anayelipa, na Pro Evolution Soccer, ambayo wakongwe wangali wakiiita Winning Eleven, haijui huruma kwa kipa aliyetoka nusu hatua nyuma. Fauka ya hayo, mshindi alikuwa ameizoea flati hiyo kila jioni kwa majuma mawili, vidole vyake vimekwisha jifunza kutangulia, na mwenziwe alitoka mahali wanapochezea chogo. Simvunjii mshindi heshima yake; alicheza vizuri. Nasema tu kwamba mizani ilikuwa imeinama kabla filimbi haijapulizwa.

Ndipo nirudie maneno niliyokwisha kuyasema miaka mingi mintarafu ya inchi, na atakayechoka nayo aniwie radhi. Inchi ni hadaa nyepesi kuliko zote kwa kuwa hupimwa kwa jicho lililosimama mlangoni mwa duka, na namba nyingine zilizopigwa chapa juu ya boksi ni jamaa zake: ile ya mamia ya hezi, ambayo kioo chenyewe ndani yake aghalabu ni cha hezi 60 na ziada yote ni kulainisha mwendo tu, ile ya 4K, ambayo haimwongezei chochote mwenye PS2 wala PS3, wala hata mwenye PS4 ya kawaida, kwa kuwa mashine hizo hazitoi gemu kwa kipimo hicho. Mwenye PS5, ya mwaka 2020, hapo sawa, na atazame tundu la HDMI 2.1 na hezi 120 za kweli. Huyo ana sababu. Banda la Makuyuni lina PS2 tatu.

Na chanzo cha maradhi haya nakijua. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na zamu ya mikoa mingine ikafuata, watu wengi walifahamishwa nusu ya habari, wakaamini kwamba zama za chogo zimekwisha. Kumbe kilichotakiwa ni king'amuzi tu na waya wa njano ule ule. Niliona chogo nzima, zenye picha safi, zikitolewa nje zikanyeshewa, nyingine wakazivunja watoto wakitafuta sumaku ya spika. Tangu siku hiyo neno "jipya" likawa lenyewe ni ushahidi, na mtu akiingia dukani huuliza kipi kimetoka karibuni kabla hajauliza kinamfanyia nini.

Haikuwa hivyo kwa mzee aliyefungua banda la kwanza pale kwetu, Mungu amrehemu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikwenda kununua chogo akiwa na ile PS ya kwanza ya kijivu ndani ya kikapu cha ukindu, na alipofika hakuuliza bei. Aliomba mkeka, akaketi sakafuni, akachomeka. Chogo cha kwanza alikikataa kwa kuwa mlingoti wa goli ulipofika ukingoni mwa kioo ulipinda kama mkuki wa zamani. Cha pili alikikataa kwa sababu nyekundu ilikuwa ikiteleza nje ya jezi na kuacha kivuli kwenye nyeupe. Cha tatu kilikuwa ndicho cha fahari, kimeandikwa hezi 100, picha yake imetulia haiumizi macho, na sisi watoto tuliokwenda kumsaidia kubeba tulimwomba akichukue; akafumba macho, akapiga mpira golini, akasikiliza, akafumbua, akapiga tena, kisha akasema, "Mlio unatangulia mguu, wanangu. Kirudisheni." Wakati ule sikumwelewa. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba chogo za hezi 100 zilikuwa zikiihifadhi kila nusu ya picha katika kumbukumbu ili zichore mara mbili, na kwa hiyo zilichelewa kama flati zinavyochelewa leo, kwa kadiri ndogo. Mzee hakuwa amesoma hilo popote, alilisikia. Akaondoka na cha nne, inchi 21, cha bei ya chini kuliko vyote, na chogo hicho kikafanya kazi mpaka kikaingia mikononi mwa mwenye banda wa sasa, ambaye alikisukuma chumba cha nyuma siku ile boksi la 55 lilipofunguliwa.

Hicho ndicho nilichokitumia kupimia. Jumapili, siku iliyofuata fainali, tulikitoa, tukakifuta vumbi, tukachomeka PS2 kwenye chogo, kisha kutoka tundu la kutolea picha mgongoni mwake tukapeleka waya mwingine kwenye flati, hata vioo viwili vikaonyesha mchezo mmoja. Sauti tuliacha iingie moja kwa moja kwenye sabufa kama ilivyokuwa usiku wa fainali. Nikaweka simu juu ya kreti la soda, kamera yake ikivuta picha 240 kwa nukta ya saa, nikapiga mpira mmoja. Kwenye chogo mguu na mlio vilikwenda pamoja. Kwenye flati nilihesabu picha 26 za kamera kabla mguu haujaugusa mpira: milisekunde 108, zaidi ya nusu tano za picha ambazo mlinzi amekwisha nyang'anywa kabla hajaanza kufikiri. Nikachukua rimoti, nikaingia menyu, nikazima kulainisha mwendo, nikazima kusafisha chembechembe, nikazima kila chenye jina la kupendezesha. Zikabaki picha 17, milisekunde 71. Hapo rimoti ikawa imekwisha maneno, kwa kuwa modi iliyokuwa na jawabu ilibaki dukani pamoja na ile ya inchi 43.

Mwenye banda alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo, amekunja mikono. Nilimwonyesha simu, akaitazama ile video mara tatu, taratibu, akaniambia, "Basi yule kijana nilimwonea." Nikamwambia kijana atarudi, na fainali nyingine itakuja.

Jumamosi iliyofuata chogo kilikuwa juu ya kreti, wachezaji wawili wameketi mbele yake magoti yakigusana, na ile flati ukutani imeachiwa watazamaji, nao walizijaza benchi zote kwa kuwa picha yake, na hili sikulikana tangu mwanzo, ni kubwa na ya kupendeza. Bao la kwanza lilipoingia, kijana wa jezi ya Coastal aliruka juu na pedi mkononi akipiga kelele. Na watazamaji wote, macho yao ukutani, waliuona mpira ukiingia nyuma kidogo ya ule wake.