Siti Hakuimba Akiwa na Blanketi Mdomoni

Soma karibu chochote kinachoandikwa siku hizi kuhusu taarabu ya zamani, utakuta sauti ya Siti binti Saad inasifiwa kwa maneno yaleyale: ya mbali, nzito, yenye ukungu, kama inatoka kisimani. Waandishi wanaupenda sana ukungu huo. Kuna wanaoujengea nadharia nzima, kwamba eti ndiyo huzuni ya Unguja ya enzi zile. Mimi nina shaka, ila simshuku Siti. Nakishuku kisanduku kilichopo kati ya santuri na spika, yaani priampu.

Hebu tukitazame, maana wahakiki wa muziki huwa wanakipita tu. Sindano ya kawaida ya sumaku inatoa umeme wa milivolti 3 hadi 5 hivi, kitu kidogo mno kwa amplifaya. Kazi ya kwanza ya priampu ni kuukuza umeme huo kama mara mia moja. Kazi ya pili ndiyo yenye kisa. Sauti haichorwi kwenye santuri kama ilivyo. Besi ingechorwa yote, mfereji ungeyumba mpaka ukauingilia wa jirani, kwa hiyo besi hupunguzwa. Kwenye santuri za miaka ya baadaye sauti za juu nazo hupandishwa, ili zisimezwe na mkwaruzo. Priampu inapopokea inafanya kinyume: inarudisha besi na kushusha zile za juu.

Mtu aliyewahi kusoma utenzi kwa hati za Kiarabu atalielewa hili haraka. Hati zile, kwa uandishi wa zamani, hazikutofautisha kila sauti ya Kiswahili. Herufi moja iliweza kusomeka b, p au mb, na msomaji ndiye aliyejua ipi ni ipi. Santuri nayo ni mwandiko wa mkato, na priampu ndiyo msomaji wake. Sasa mpe mwandiko huo mtu aliyejifunza kanuni za hati nyingine, uone atakachokusomea.

Hilo ndilo linalotokea. Kanuni ambayo karibu kila priampu inaifuata inaitwa RIAA, kwa jina la chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, na ilikubaliwa mwaka 1954. Siti na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika za Gramophone Company, zenye ile nembo ya His Master's Voice. Ni miaka 26 kabla. Wakati ule kila kampuni ilikuwa na desturi yake, na kwa kawaida santuri za namna hiyo hazikupandishiwa sauti za juu. Kwa hiyo priampu ya leo inashusha kitu ambacho hakikupandishwa. Kwenye hetzi 5,000 inakata kama desibeli 8, yaani nguvu ya umeme inabaki pungufu ya nusu. Besi nazo inazipandisha kuliko zilivyoshushwa siku ya kurekodi. Ukungu huo hapo.

Na kinachokatwa si urembo. Eneo hilo ndiko zinakokaa s, sh, ch na f, konsonanti zinazotutenganishia neno na neno. Taarabu ni ushairi kwanza. Watu wanakaa na klipu hizi za mtandaoni, wananakili mashairi, wanabishana kama mwimbaji kasema "sina" au "china", kisha nakala yao inaingia kwenye tasnifu. Mpaka hapo kosa la kitufe limeshakuwa kosa la matini, na mwanafilolojia makini angechukia. Ajabu ni kwamba tunagombana kuhusu vina vya shairi lakini hatuulizi sauti imepitia wapi.

Yapo makosa mengine, ya haraka zaidi. Kuna anayechomeka mashine ya santuri moja kwa moja kwenye amplifaya bila priampu, sauti inatoka nyembamba kama redio ya mkulima. Kuna mwenye mashine iliyo na priampu ndani, halafu anaichomeka tena kwenye tundu la "phono": besi inavimba, kila kitu kinapasuka. Waya wa ethi ukisahauliwa, unapata mngurumo. Hayo angalau yanajitangaza. Kosa la RIAA linasikika vizuri tu, tena linapendeza, kwa sababu likikata konsonanti linakata na mkwaruzo. Ndiyo maana linasifiwa kuwa "safi". Bora mkwaruzo, bwana. Sikio huuzoea mkwaruzo baada ya dakika moja, lakini herufi iliyopotea hairudi.

Utaambiwa vifaa ni ghali. Priampu zenye kuchagua mkunjo kweli ni ghali, lakini mtu anaweza kurekodi kwa RIAA, kisha akaitengua kwa programu ya bure kama Audacity, mradi ajue alichokifanya. Sindano ndiyo haina njia ya mkato. Ncha ya sindano ya LP ni kama mikroni 18 tu. Santuri za 78 zinataka kama 70. Ile ndogo inashuka chini kabisa ya mfereji na kukwangua vumbi la miaka tisini. Na kwa kuwa santuri hizi ni za mono, mifereji yake ikitikisika upande kwa upande, ukiunganisha chaneli mbili kelele nyingi za juu-chini zinafutana zenyewe.

Basi kwa wanaopandisha klipu hizi, ambao wengi wanafanya kwa mapenzi na kwa pesa yao: andikeni chini yake sindano gani, kasi gani, mkunjo gani. Na kwa wenzangu wahakiki, kabla ya kuandika tena kuhusu kisima, tafuteni nakala mbili za wimbo mmoja, mzisikilize kwa kufuatana, na mwandike ni ipi mliyoisikia.