Nimechungulia Retina Kiwanjani, na Mwili Haujatulia!

Wee, acha kwanza unachofanya, unisikilize! Nimetoka Kiwanjani sasa hivi, viatu vyote vumbi la Isiolo, na nimeona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Ndani kabisa!

Kidude chenyewe kinaitwa Arclight, kimebuniwa Chuo Kikuu cha St Andrews kule Uskoti. Kidogo, chepesi, kinatosha mfuko wa shati, na kinajichaji kwa jua. Na jua la Isiolo unalijua! Daktari wa macho alikuwa kivulini akiwapima majirani. Kuona ninavyokodoa macho, akanikabidhi. "Shika. Jicho lako la kulia kwa jicho lake la kulia. Sogea. Sogea tena, usiogope."

Nikasogea mpaka nikasikia pumzi ya mzee aliyenikubalia. Kwanza mboni ikawaka nyekundu, nikashtuka! Kisha, ghafla, retina hiyo hapo: rangi ya chungwa iliyokolea, inang'aa, imelowa, hai, nzuri mno mno. Mishipa ya damu imetambaa kila upande, myembamba ajabu. Nikaufuata mmoja taratibu hadi kwenye kiduara cha manjano hafifu, pale neva ya kuonea inapoanza safari ya ubongo. Na hapo mshipa ukawa unadunda! Unadunda kweli kweli, naona! Nikapiga ukelele, mzee akacheka, jicho likahama, kila kitu kikapotea. Na bado!

Maana daktari akaanza kunieleza yale ambayo kidude hakiwezi kuonyesha, nikashindwa hata kukaa. Seli zinazonasa mwanga humo ndani ni zaidi ya milioni 100, kwa kila jicho! Sehemu ya seli inayonasa mwanga imeungana na mwili wa seli kwa kijinjia kimoja chembamba kupindukia, silia. Protini za kunasa mwanga lazima zipite hapo, usiku na mchana, kwa sababu karibu sehemu moja ya kumi ya utando wa kunasa mwanga hubadilishwa kila siku. Kila siku! Mwisho wa pili wa seli ndipo inapoungana na neva inayofuata, na hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa raha: gizani seli humwaga kemikali ya glutameti mfululizo, mwanga ukiifikia inapunguza. Yaani habari ya mwanga inapelekwa kwa kunyamaza! Na bado!

Mtoto akirithi jeni mbovu za silia, kama katika ugonjwa wa Bardet-Biedl, usafirishaji unavurugika, mzigo wa Moyale unashushwa Nanyuki. Kwa panya wa maabara wenye hitilafu hiyo, sintaksini-3, protini ambayo kazi yake iko kwenye maungano ya neva, ilikutwa imerundikana upande wa kunasa mwanga! Seli zinadhoofika, zinakufa, mara nyingi zikitangulia zile za kuonea gizani. Na neva zilizozoea kupokea habari kutoka kwa seli hizo? Hazitulii! Zinakunja matawi yao, nyingine zinachipuza mapya, zinatafuta seli nyingine ya kushikana nayo, hata seli za kuona rangi ambazo hazikuwa zake. Inasikitisha, sana, lakini ubishi wa retina hiyo, wallahi, unakuacha mdomo wazi.

Na jicho la namna hiyo linajulikana kwa kidude hiki hiki: mishipa imekonda, madoa meusi yametapakaa pembezoni, kiduara cha neva kimepauka. Kwa hiyo mtoto akianza kujikwaa magharibi ikiingia, usiseme ni uzembe! Huenda ni upungufu wa vitamini A, ambao una tiba, huenda ni ugonjwa wa kurithi. Kama alizaliwa na vidole vya ziada, au kuna ndugu wa damu asiyeona usiku, mtajie daktari mapema.

Basi wewe rafiki yangu, siku daktari wa macho akifika mtaani kwenu, usipimwe tu ukaondoka zako. Mwombe akuruhusu uchungulie! Mwenye jicho akikubali, sogea, tuliza mkono, tafuta ule mshipa unaodunda. Utapiga ukelele kunishinda mimi, na hilo ni jicho moja tu. La pili bado!