Fender Rumble 40 imefika Nyarugusu, na mabati yanajua

Imefika! Fender Rumble 40 iko Nyarugusu, juu ya stuli chumbani kwangu, na nimeanza kuandika kabla vidole havijapoa. Nasema Nyarugusu ya dhahabu, wilayani Geita, siyo ile ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Anayeagiza mzigo kutoka Dar aandike GEITA kwa herufi kubwa, asije akalia. Imepanda basi hadi Mwanza, imevuka Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo tangu Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, na kipande cha mwisho imekuja imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Amplifaya ya besi, kwenye bodaboda! Ina kilo 8 na kidogo. Nimeishusha kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika gitaa, na yule dereva aliyezoea kubeba viroba vya mbale, yale mawe yenye dhahabu, akaniuliza kama ndani ya boksi kuna kitu kweli.

Kipo, ndugu yangu. Nilichomeka jeki, nikaweka nobu zote saa sita, nikagonga E tupu. Msumari mmoja wa bati juu ya mlango, uliolegea tangu mvua za mwaka jana, ukaitikia. Nikagonga A tupu, chumba kizima kikavimba na kikombe kikaanza kutembea mezani. Nikacheka peke yangu.

Kwa nini A na siyo E? Hesabu yake ni tamu. A tupu ya besi ni mitetemo 55 kwa sekunde. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kina mita 3 na ushee kutoka ukuta hadi ukuta, na nafasi ya namna hiyo hupenda kuvuma kwenye mitetemo kama 56. Wenye nyumba wetu wametujengea masanduku yaliyotuniwa A bila kujua! Ukiegemea ukuta, A inakupiga kifuani. Ukisimama katikati ya chumba, inasinyaa. E tupu ni mitetemo 41, wimbi lake lina zaidi ya mita 8, na spika ya inchi 10 haiwezi kuisukuma yote. Sikio ndilo linalomalizia kazi: linasikia mitetemo 82 na 123 inayopanda pamoja na ile 41, kisha linajaza lililopungua. Kwa hiyo kabla hujasema amplifaya yako ina kasoro, itoe kwenye kona, ipandishe juu ya stuli, kisha hama wewe mwenyewe hatua mbili. Ni marekebisho ya bure, na yanashinda nobu yoyote.

Wapiga besi wenzangu wa huku tunajuana tulikotoka: kwenye sabufa. Unanunua kile kiadapta cha kupunguza jeki kubwa iingie tundu dogo, unachomeka gitaa nyuma ya sabufa ya sebuleni, unapiga. Siku mbili tatu ni raha tupu. Kisha mpira wa spika unachanika, na mwenye sabufa, mara nyingi shemeji, anataka maelezo. Sababu si ushamba. Wimbo uliorekodiwa umeshabanwa, kishindo chake kimepunguzwa studio. Kidole kinachogonga waya mnene hakijabanwa na mtu, kinatoa kishindo kikubwa mara nyingi kuliko sauti inayokifuata. Halafu tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu na deki. Pikapu ya gitaa la besi lisilo na betri inataka tundu lenye ukinzani mkubwa. Usipoipa, sauti yake ya juu inakufa na kinachobaki ni mvumo wa kwenye debe. Ukihamia kwenye Rumble, cha kwanza utakachosikia ni ukucha. Kidole kinapoachia waya kuna "tk" ndogo, nami miaka yote hiyo sikujua gitaa langu linayo!

Nisimame hapa kidogo, maana kuna jambo linanisisimua kuliko hata hiyo sauti. Katika nchi hii amplifaya ya besi haikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. DDC Mlimani Park ilipozaliwa mwaka 1978, vyombo vilikuwa vya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpigaji akihama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Leo mwenye vyombo ni kanisa. Huku Geita na Shinyanga ukitaka kujifunza besi unaingia kwaya, na stoo ina kufuli, na ufunguo anao mzee. Sisemi ni vibaya, kwaya ndizo zilizotulea. Lakini besi unaishika siku ya mazoezi na Jumapili, basi, na muda huo wote unapigia mtu mwingine. Amplifaya ndogo ya kwako inakupa Jumanne usiku. Unaweza kurudia kipande kimoja cha Mlimani Park mpaka kikukae, bila mwalimu wa kwaya kukutazama saa. Ndiyo maana nasema mtu anayepiga kwa mapenzi yake asianze kwa kuuliza wati. Aulize: nitaibeba peke yangu? Nitaipiga usiku? Nikiipeleka kanisani, itaongea na miksa? Hii imejibu ndiyo mara tatu.

Tuiangalie sasa usoni. Ngozi nyeusi, kitambaa cha mbele cha rangi ya fedha (kizuri ajabu, na vumbi jekundu la hapa litakimaliza, kava ni lazima). Juu zimepangwa nobu nne za sauti: besi, kati ya chini, kati ya juu, na treble. Kuna vitufe vitatu vya kubonyeza: Bright, Contour na Vintage. Na kuna mkwaruzo wa kuwasha na kuzima kwa wanaotaka besi ikoroge koo.

Contour ni mtego, na mtego wenyewe ni mtamu! Ukiibonyeza ukiwa peke yako chumbani, sauti inakuwa nene chini, inang'aa juu, unajiona uko kwenye kanda. Inachofanya ni kuchimba katikati. Ukienda nayo kwenye kinanda, dramu na magitaa mawili, katikati ndiko besi inakosikika, na wewe umeshapachimba; unabaki unaona vidole vyako vinatembea bila kusikia kitu. Iachie Contour nyumbani. Kwenye kundi, izime, pandisha nobu ya kati ya chini hadi saa nane hivi, punguza besi kidogo. Ndiyo, punguza besi! Chumbani itasikika kavu, hata ya kuchukiza. Ukumbini kila noti inakaa mahali pake. Vintage ndiyo kipenzi changu: inalainisha sauti, na ukipiga rumba ya polepole, zile noti tatu kisha kimya, zile noti tatu kisha kimya, unasikia namna wazee wa dansi walivyoacha nafasi. Mkwaruzo nimeuwasha, nimeuzima, sina la kuongeza.

Haya, wati. Najua ndilo swali lililowaleta wengi. Ni 40, na kijana mmoja wa karibu na kwangu ameshaniambia spika ya harusi ya mjomba wake ina elfu moja. Sikilizeni: kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, kitu ambacho sikio linakitambua kwa shida kidogo. Ili sauti isikike mara mbili ya ilivyo, unahitaji wati mara kumi. Toka 40 nenda 400, halafu lipia, halafu ibebe. Ampeg SVT ya mwaka 1969, mama wa amplifaya zote za jukwaani, ilikuwa na wati 300 za taa za kioo, na sanduku lake la spika nane za inchi 10 ni zito vibaya. Hiyo bodaboda inakataa.

Nyuma ya Rumble kuna tundu la pini tatu la kutolea sauti kwenda kwenye miksa, na hapo ndipo 40 inapogeuka kuwa nyingi. Nimeipeleka kwenye mazoezi ya kwaya, nikaiweka nyuma ya miguu yangu ikiwa imeinuliwa uso, nikatoa waya kwenda kwa fundi mitambo. Spika kubwa za kanisa zikabeba besi hadi mlangoni, na ile ndogo ikawa yangu mimi na mpiga dramu. Fundi mitambo, mtu mgumu wa kusifu, aliinua kidole gumba bila kutoa macho kwenye miksa. Ukiishangaa njia hiyo, kumbuka kwamba James Jamerson alirekodi besi nyingi za Motown gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya studio kule Detroit. Bila miksa, kwenye uwanja wa wazi na mpiga dramu mwenye hasira, 40 haitoshi, na anayekuambia inatosha anakuuzia. Kama unapigia mikutano ya nje kila wiki, tafuta ndugu yake Rumble 100, mwenye spika ya inchi 12 na bado kilo kama 10, au Rumble 500 ukiwa na kikundi cha kuchangia.

Tundu la hedifoni ni habari nyingine kabisa. Nyarugusu mchana kuna watu wamelala. Wanaoingia duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, usiku wanatoka alfajiri, wanaoga, wanaanguka kitandani, na ukuta ni mmoja. Besi haiheshimu ukuta. Gitaa la solo unaweza kulizima kwa godoro, besi inapita kwenye msingi wa nyumba. Ukichomeka hedifoni, spika inanyamaza. Pembeni kuna tundu la simu: unaweka wimbo kwenye simu, unapiga juu yake, jirani anakoroma. Mzee wa nyumba ya pili alinikuta uani nacheza mabega na waya masikioni, hakusikia chochote, akasema tu, "Ng'wanawane (mwanangu), umekula nini?"

Kuhusu umeme, hapa nitakuwa mkali. Kabla ya kuchomeka amplifaya yoyote iliyotoka nje, geuza nyuma usome kibandiko. Ya soko la Marekani imetengenezewa volti 120. Kwetu ukutani ni 230. Ukikosea, moshi unatoka kabla ya noti ya kwanza. Hata iliyo sahihi inahitaji stabilaiza huku, kwa sababu mota za makarasha ya kusagia mawe zikianza kuzunguka pamoja asubuhi, taa za mtaa mzima hufifia kisha hurudi kwa kishindo. Ukiunganisha amplifaya na miksa, zote zichomekwe kwenye ekstensheni moja, la sivyo utapata mvumo usiokwisha. Na tafadhali, usikate pini ya ethi ili plagi iingie! Umeshika waya za chuma kwa mikono miwili na mdomo uko karibu na maiki ya chuma. Ethi ndiyo inayokurudisha nyumbani.

Lawama zangu ni chache. Ya kwanza, wenye besi ya waya tano: B yao ni mitetemo 31, na kwenye inchi 10 inatoka kama mtu anaongea chini ya blanketi. Ya pili, haina betri, kwa hiyo umeme ukikatika na jenereta ya jirani ikiwa haina mafuta, unabaki na gitaa kavu. Ya tatu, bei. Marekani huuzwa kwa dola 200 na ushee, na ukijumlisha usafiri na faida ya kila mkono ilikopita, kufika huku ni hesabu nyingine. Ukipata iliyotumika, ipige E tupu kwa sauti ya wastani, kisha bonyeza mpira wa spika taratibu kwa vidole vinne kuzunguka katikati: ikikwaruza, koili imepinda, rudisha pesa mfukoni.

Kijana mwenye mjomba wa wati elfu moja amekuja tena jana, akaomba apige "kidogo tu". Amekaa mpaka taa za barabarani zikawaka, Contour imebonyezwa muda wote, na leo ameshauliza inauzwa wapi.